Usiku Haupatanishi Kuku

Kila anayefuga kuku wa nyumbani ameshapewa ushauri huu, na wengi wetu tumeshautoa: ukitaka kuchanganya kuku wadogo na wakubwa, subiri giza liingie, wapenyeze bandani wenyeji wakiwa wamelala, asubuhi wataamka wote wakidhani walikuwa pamoja tangu zamani. Wauzaji wa vifaranga huusema kwa uhakika mkubwa, hasa hela zikishahesabiwa. Mimi siukubali, na najua wapo watakaonijibu kwamba wamefanya hivyo miaka yote na hakuna kuku aliyekufa. Sawa. Kutokufa ni kipimo kidogo sana cha ufugaji.

Kuku haoni vizuri gizani, hilo ni kweli, ndiyo maana usiku unamtoa kwenye kichanja bila purukushani. Ila kutoona si kukubali. Kuku huwajua wenzake mmoja mmoja, hasa kwa kichwa na upanga, ile nyama nyekundu ya utosini, na kila mmoja anajua nani humdonoa na nani humpisha. Mnorwe Thorleif Schjelderup-Ebbe, aliyeanza kuwachunguza kuku akiwa mtoto, ndiye aliyeuweka mpangilio huu kwenye maandishi ya kisayansi mwanzoni mwa miaka ya 1920. Bibi zetu walikuwa wanaujua bila kuandika: walijua ni mtetea yupi anayeanza kula na yupi anayesubiri.

Sasa kunapambazuka. Mitetea wenyeji wanaona sura wasizozijua, na wewe bado umelala, au umeshaondoka kuwahi daladala huku mlango wa banda umefungwa. Nje mgeni angedonolewa mara mbili, akakimbia, ugomvi ukaishia hapo. Ndani anabanwa kwenye kona, anaficha kichwa, na wanamdonoa kisogoni mpaka damu itoke. Damu ikitoka, mambo yanabadilika kabisa. Kuku hapiti jeraha bichi bila kuligusa: wa kwanza anadonoa, wa pili anakuja kuangalia, na muda si mrefu hata wale wapole wamejiunga. Ukikuta hali hiyo mtoe haraka, safisha kidonda kwa maji ya chumvi, paka GV, ile dawa ya vidonda. Zambarau yake, mbali na kuua vijidudu, inafunika wekundu unaowavuta wenzake. Na usimrudishe mpaka pakauke.

Wazee walikuwa na njia yao, nayo imebaki kwenye methali: kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Tumeizoea kwa kuwasema wageni wa kibinadamu, lakini vijijini bado ni jambo la kufanyika. Kuku aliyenunuliwa gulioni hufungwa mguu kwenye nguzo ya jiko au chini ya mwembe, akapewa mtama na maji palepale kwa siku kadhaa, mpaka ajue kwake ni wapi. Kamba ile inafanya jambo moja la maana sana: inawapa wenyeji na mgeni muda wa kuonana kabla ya kuishi pamoja. Ubaya wake ni kwamba aliyefungwa hawezi kukimbia. Waya wa kuku unakupa faida ile bila hasara hii, na ndiyo maana fedha yangu ya kwanza naiweka kwenye waya, kabla hata sijaulizia bei ya vifaranga.

Tenga sehemu ya banda, au weka kizimba uani, waya katikati, kila upande na maji yake na chakula chake. Visogeze vilishio karibu na waya pande zote mbili ili wale wakitazamana. Mwanzoni mtetea mmoja, kwa kawaida yule mkubwa wa banda, atakuja mpaka kwenye waya, atasimamisha manyoya ya shingo na kuudonoa. Wadogo watarudi nyuma kwa pamoja. Siku zinavyokwenda anakuja, anatazama, anaondoka. Ukimwona anachakura akiwa amewapa mgongo, wameshazoeana vya kutosha. Yaweza kuwa wiki, yaweza kuwa siku kumi; hapo kalenda wanayo mitetea.

Kuwafungulia, mimi napenda alasiri, kama saa kumi, siku ambayo nipo nyumbani. Watachanganyika uani kwa saa mbili hivi kabla ya kwenda kulala, palipo na nafasi ya kukimbia. Ning'iniza fungu la mchicha au majani ya kabichi sehemu mbili tatu, wawe na shughuli. Weka vilishio zaidi ya kimoja, mbalimbali kiasi kwamba mtetea mmoja hawezi kuvilinda vyote. Egemeza mbao au bati kuukuu ukutani, mgeni apate pa kujificha. Tenga la kubebea kuku likifunikwa juu ya chakula linafaa vilevile: wadogo wanapita kwenye matundu, wakubwa wanabaki nje wakilizunguka kwa hasira. Watadonoana kidogo, na hilo liache. Donoo la kichwani, hatua tatu za kufukuzana, kisha kila mtu na shughuli zake, ndivyo kuku wanavyoelewana. Ingilia pale mmoja anapofukuzwa ua mzima bila kupumzishwa.

Jioni, kabla hawajalala, washike wageni mmoja mmoja na upapase kile kifuko cha chakula chini ya shingo, upande wa kulia wa kifua. Aliyekula, utakuta kimejaa kama kifundo kigumu kiasi. Ukikuta kimelegea na hakina kitu, huyo ameshinda akitazama wenzake wakila, hata kama hana mkwaruzo hata mmoja. Wafugaji wengi hutafuta vidonda peke yake, na kuku wa namna hii huwapita machoni mpaka anapoanza kusinzia mchana.

Hayo yote ni ya ugomvi, na ugomvi ndio tunaoupenda kuuzungumzia kwa sababu unaonekana. Kinachofuta banda zima ni ugonjwa. Kuku wa gulioni amekaa kwenye tenga na kuku wa kaya kadhaa, wamekunyiana na kunyweshwa kwenye kopo moja. Mdondo, yaani kideri, unaweza kuwa ndani yake siku kadhaa bila dalili yoyote, na kuku aliyepona mafua anaweza kuendelea kuyabeba akionekana mzima kabisa. Kwa hiyo kabla ya waya kuna karantini: mwezi mmoja ukiweza, wiki mbili kama huna jinsi, upande wa pili wa nyumba, upepo usitoke kwao kwenda kwa wenyeji. Wahudumie wenyeji kwanza, wageni mwisho, na ubadilishe ndala. Muuzaji akikwambia “wamekamilisha chanjo zote”, muulize zipi na lini. Wa mwezi mmoja hajakamilisha chochote. Ndui peke yake huwa bado, na ya mdondo inarudiwa maisha yao yote. Chanjo ya I-2, ambayo ni ya mdondo, ni tone moja jichoni kila baada ya miezi mitatu. Inavumilia joto kuliko zile za zamani, na chupa moja inatosha kuku wengi, kwa hiyo mkishirikiana majirani watatu gharama haisikiki. Chanja pande zote mbili, kisha uwape kama wiki mbili kinga ijengeke kabla ya kuwakutanisha.

Na hatari haitoki upande mmoja. Wenyeji nao wana vyao. Kuku mkubwa aliyeizoea koksidia, vijidudu vya matumboni, ya banda lako haimsumbui tena, lakini anaimwaga kwenye kinyesi kila siku, na mtoto aliyelelewa kwenye bruda safi, yaani chumba cha joto cha vifaranga, akianza kuchakura maranda hayo yenye unyevu, usishangae ukiona kuhara damu. Toa maranda ya zamani, weka makavu, tafuta bomba linalovuja. Angalia na utitiri kwenye vichanja, na viroboto wale wanaoganda kuzunguka macho.

Kuna wakati mmoja tu ambao usiku unafanya kazi inayosemwa. Ukiwa na kuku koo anayeatamia, amekwishakaa kama siku 21 zake, unaweza kumwekea vifaranga wa siku moja chini ya mbawa gizani, huku ukiyatoa mayai. Ukisikia ile sauti yake ya chini ya kuwaita watoto, basi wameshapata mama. Iwe siku ya kwanza au ya pili ya maisha yao. Wakishapita hapo hawamfuati, naye hawaamini. Ukifanikiwa, kazi yote niliyoieleza hapo juu, ya waya na matenga, anakufanyia yeye. Kuku mwenye watoto halengwi jiwe, na mitetea wenzake wanalijua hilo kuliko sisi. Atawaingiza watoto uani mbele ya macho ya wakubwa, atawafundisha kumpisha nani, atawafukuzia kunguru, na siku anapoanza kuwadonoa mwenyewe ili wajitegemee, wanakuwa wameshazoeleka. Kwa mfugaji wa kuku kumi, koo mmoja mzuri wa kienyeji anashinda bruda ya umeme, na sielewi kwa nini watu wanamuuza wakati wa shida kwa bei ileile ya mtetea asiyejua kulea.

Chotara wametuletea shida nyingine. Kuroila, ambaye asili yake ni India, na Sasso wa Ufaransa wanakua haraka, kiasi kwamba wa miezi miwili anaweza kulingana na mtetea wetu mdogo wa kienyeji. Mtu anawapima kwa macho, anaona wamelingana, anawafungulia. Mwili umekua, akili bado ya kifaranga. Hajawahi kuona mkubwa akisimamisha manyoya ya shingo, hajui kwamba ile ni amri ya kuondoka, anabaki amesimama palepale akidonolewa. Mimi kwa hao nasubiri mpaka miezi mitatu hata kama uzito unaniambia vingine. Na nawaingiza kwa kundi, angalau wanne watano. Kumwingiza mmoja peke yake ni kumpa kila mwenye banda mtu wa kumalizia hasira.

Chakula ndicho kinachosahaulika kabisa. Chakula cha kuku wa mayai kina madini ya kalisi karibu asilimia 4, wakati anayekua anahitaji kama asilimia 1 tu. Matembe, yaani mitetea ambao hawajaanza kutaga, wa miezi mitatu wakila cha wakubwa kila siku figo zao zinaumia, na huwezi kuwawekea kuku meza mbili kwenye ua mmoja. Geuza upande wa pili: walishe wote chakula cha kukuzia, kisha wawekee mitetea maganda ya chaza yaliyotwangwa kwenye chombo chao pembeni. Wanaotaga watakula wanachohitaji, matembe watayaonja na kuondoka. Sisi wa Pwani maganda hayo tunayakanyaga ufukweni. Tembe wa kwanza akishaanza kutaga, rudisha chakula cha mayai.

Kuhusu mapora, yaani majogoo wachanga, sina maneno mengi. Usiwachanganye. Jogoo uliye naye atawavumilia kwa muda, kisha siku moja watawika. Weka matembe, mapora waende sufuriani au sokoni kabla hawajafikisha miezi mitano.

Kuna ua ambao mimi ningesema usichanganye kabisa, na ni nyua nyingi za mjini: banda la hatua nne, kuku hawatoki nje, mwenye nyumba anatoka alfajiri anarudi usiku. Hapo waya hauna pa kukaa na mgeni hana pa kukimbilia. Mitetea wako wakishavuka mwaka wa pili mayai yanapungua, chakula hakipungui. Subiri wiki ya Idi au Krismasi, bei ikipanda uza wote kwa pamoja. Kwangua banda, piga chokaa sakafuni na kutani, liache wazi wiki mbili tatu jua liingie, ndipo uwalete wadogo wawe wenyeji wao wenyewe.