Usiniletee orodha ya bakteria, nionyeshe wanakula nini

Kuna kitu kinanikera sana kwenye ripoti za maji ya ardhini yaliyoingiwa na mafuta. Mtu anachota sampuli kisimani, inapelekwa maabara, DNA inasomwa, halafu inarudi orodha ndefu ya majina ya Kilatini na chini yake wameandika bakteria wanaokula mafuta wamepatikana, kwa hiyo hali inaendelea vizuri. Vizuri vipi? Kuwepo ni kitu kimoja, kufanya kazi ni kitu kingine kabisa.

Angalia Bemidji, kule Minnesota, Marekani. Agosti 1979 bomba la mafuta ghafi lilipasuka, zikamwagika lita kama milioni 1.7, wakazoa walichoweza lakini mengine yakazama mpaka kwenye maji chini ya ardhi. Tangu 1983 watafiti wamepageuza maabara, na mafuta bado yamo. Pale karibu na mafuta oksijeni iliisha mapema, na zamani wengi waliamini bila oksijeni vitu kama tolueni, kemikali mojawapo iliyomo kwenye mafuta, haviliki. Kumbe wapo bakteria wa jamii ya Geobacter, wao wanatumia chuma kilichoshikana na mchanga badala ya oksijeni. Mtafiti wa vijidudu Derek Lovley alimpata Geobacter metallireducens kwenye tope la mto Potomac mwaka 1987, na baadaye ikathibitika anamaliza tolueni bila hewa hata kidogo.

Na kazi yao inaonekana hata kwa macho. Mchanga wa mbali na mafuta ni wa kahawia, ule uliokaa nayo umegeuka kijivu kwa sababu ile kutu ya juu yake imeliwa. Maji yenyewe ukiyavuta yanatoka meupe tu, yaache kwenye chupa wazi uone, yanaanza kupata rangi ya kutu maana chuma kilichoyeyuka kimekutana na hewa. Ndiyo maana anayechota sampuli kizembe, ndoo na kamba basi, anaharibu ushahidi kabla hata hajafunga kifuniko.

Sasa tatizo ni kwamba Geobacter si mchaguzi, anakula hata asetati inayoachwa na vijidudu wengine, kwa hiyo kumkuta kisimani hakukuambii kama tolueni inapungua. Lazima umfumanie akila. Njia moja ni kutafuta jeni ya bssA, inayohusika na hatua ya kwanza ya kuivunja tolueni bila oksijeni, na kupima kama benzilisaksineti, zao la hatua hiyo, imo kwenye maji. Nyingine naipenda zaidi, timu ya Eugene Madsen wa Chuo Kikuu cha Cornell waliitumia South Glens Falls, New York, palipochafuliwa na lami ya makaa ya mawe, wakatoa matokeo 2003. Waliweka naftalini, kemikali mojawapo ya lami hiyo, yenye kaboni nzito, kaboni 13, palepale kwenye udongo wenye uchafu, wakapima hewa ya ukaa inayotoka na kuchambua DNA iliyokuwa imebeba ile kaboni. Aliyekula akajulikana, wakamwotesha maabara, akaitwa Polaromonas naphthalenivorans. Huyo nakubali, ameshikwa na ngozi!

Nawaza haya kwa sababu ya Thange, Makueni, ambako mwaka 2015 mafuta yalivuja kutoka bomba la Mombasa kwenda Nairobi yakaingia mtoni na kwenye maji ya watu. Mama wa pale mwenye kisima ukimpa jina la Kilatini atalipikia nini? Mpe kipimo cha benzini, ile kemikali ya sumu iliyomo kwenye mafuta, cha kisima chake mwaka hadi mwaka. Na muuzaji akija na bakteria wake wa kusafisha mafuta kwenye madumu aulizwe kwanza kama waliopo chini wameshindwa au wamekosa tu hewa na virutubisho, maana mara nyingi wenyeji wapo tayari, ni mazingira yanawabana.

Halafu kuna arseniki, sumu ya asili iliyomo mchangani, hii huwa haitajwi kabisa. Bakteria wakimaliza chuma cha mchanga, arseniki iliyokuwa imeng'ang'ania chuma hicho inaachiwa kwenye maji, na Bemidji imepimwa ikakutwa juu ya kiwango cha maji ya kunywa. Yani mafuta yanaliwa na kisima bado kinadhuru. Kwa hiyo ripoti ipime benzini na arseniki pamoja, kikomo cha Shirika la Afya Duniani (WHO) ni mikrogramu 10 kwa lita kwa kila moja, na mpaka zote mbili ziwe chini ya hapo aliyemwaga mafuta aendelee kulipia maboza ya maji, bakteria wawepo wasiwepo.