Biti Imejaa, Rapa Akae Wapi?

Mwaka jana nilimtengenezea rapa mmoja wa Dandora biti, yaani muziki wa kurap juu yake, ambayo mpaka leo naiona nzuri. Nilikata kipande cha gita kwenye benga ya zamani, ule muziki wa gita wa Kenya, nikakifanya kijirudie kila baa mbili (baa ya muziki, yaani mapigo manne, si ile ya bia). Chini yake nikaweka kinanda, juu yake filimbi, kwa mbali sauti za kwaya, halafu besi ya kutikisa vioo. Jamaa alisikiliza huku kichwa kinamwenda, akavaa hedifoni, akasogelea maikrofoni, akafungua mdomo, akaufunga. Akajaribu tena. Mwishowe akaniambia, "Buda, hii biti ni kali, lakini mimi naingilia wapi?"

Swali hilo ndilo linalotugawa sisi tunaotengeneza biti Nairobi. Wapo wanaoshikilia kwamba biti ni kiti, na mwenye wimbo ni yule atakayekikalia. Wapo wanaosema biti ni muziki kamili, iwe na mtu au isiwe na mtu. Mimi nilikuwa wa kundi la pili kwa miaka, kwa hiyo nianze na hoja zao, nisije nikaonekana nawasema vibaya.

Hoja yao ya kwanza ni historia. Prodyusa J Dilla wa Detroit alitoa albamu ya Donuts tarehe 7 Februari 2006, siku tatu kabla ya kufariki akiwa na miaka 32. Ina vipande 31 na hakuna rapa aliyealikwa kuja kurap juu yake, lakini watu wanaisikiliza mpaka leo. Dilla alizipiga ngoma zake kwa vidole kwenye MPC, mashine ya vitufe ya kupigia biti, na mara nyingi hakuiruhusu mashine inyooshe muda wake. Kiki, ile ngoma nzito ya chini, inachelewa kwa nukta ndogo, sneya, ile ngoma kali inayokatika, inawahi kidogo, na sikio linahisi kuna mtu pale. Miaka kumi kabla yake, mwaka 1996, DJ Shadow alikuwa ameshatoa albamu nzima iliyojengwa kwa vipande vya santuri za watu wengine. Ukimwambia mtu wa kundi hili kwamba biti bila rapa ni kazi nusu, atakucheka.

Hoja yao ya pili ni ya tumbo. Siku hizi biti nyingi huuzwa mtandaoni kabla rapa hajaandika hata mstari mmoja. Mnunuzi anapita kwenye biti kama mtu aliyewahi soko la mitumba la Gikomba asubuhi bale linapofunguliwa: anashika, anageuza, anatupa, anachotaka ni kamera, yaani nguo bora kuliko zote. Sekunde kumi za mwanzo zisipomkamata, umemkosa. Prodyusa anayelipa kodi ya bedsita Umoja kwa kazi hii hana anasa ya kuacha nafasi tupu, maana nafasi tupu haimvutii mtu anayesikiliza peke yake kwenye simu. Kwa hiyo anaongeza filimbi, kisha kwaya. Namwelewa kabisa.

Halafu kuna hiyo simu yenyewe. Besi ya 808, iliyopewa jina la mashine ya Roland ya mwaka 1980, inaweza kuwa na noti ya hezi 50 hivi, yaani mitetemo 50 kwa sekunde. Spika ya simu haifiki huko chini hata kwa kuomba. Kwenye nganya ya Buruburu, matatu yenye muziki mkubwa, noti hiyo hiyo inakupiga kifuani kabla hujalipa nauli. Hapo prodyusa anatengeneza vitu viwili kwa wakati mmoja. Dawa yake ni kuikwaruza besi kidogo ili itoe pia sauti za hezi 100, 150, 200 na kwenda juu, na sikio likizipata hizo linajijazia lenyewe ile ya chini. Lakini ukiikwaruza mno, besi inapanda hadi kwenye kifua cha sauti ya mwanaume. Rapa anapoingia, anakuta kiti kimeshakaliwa.

Sasa wale wa kundi la kwanza. Mfano wao mkubwa hapa nyumbani ni Calif Records, studio iliyozaliwa mtaa wa California, Eastlands. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 prodyusa wake, Clemo, alikuwa akiwapa marapa Jua Cali na Nonini biti ambazo, ukiondoa sauti zao, ni mifupa: ngoma, besi, noti chache za kinanda. Hakuna aliyezinunua azisikilize zikiwa hivyo. Genge, kama mtindo wao ulivyoitwa, ilishika mji kwa sababu kila neno la Kisheng lilisikika hadi kiti cha nyuma cha matatu. Lakini mifupa nayo ina ubaya wake. Gengetone, mtindo wa vijana waliowafuata, ilipolipuka mwaka 2018 ilirudia uchache ule ule, na baada ya muda biti zikafanana kiasi kwamba ungeweza kubadilisha rapa katikati ya wimbo na abiria wasigeuke. Wengi walilaumu mashairi ya matusi kwa kupoa kwake. Mimi nalaumu biti zaidi.

Kuna jambo ambalo pande zote mbili hulipita haraka, nalo ni lugha. Biti tunazoziiga zilikatwa kwa kipimo cha Kiingereza, lugha yenye maneno mengi ya silabi moja yanayogonga na kukatika. Maneno yetu karibu yote huishia kwa vokali, na mkazo hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Chukua mstari huu niliouandika sasa hivi:

Nimetoka mtaani, kiatu kimetoboka.

Ukiuweka mkazo wa "bo" juu ya sneya, inabaki "ka" inayoanguka baada yake. Mkia huo ndio kina, ndio utamu wenyewe. Kama hapo hapo umeweka makofi, hai-hati (yale matoazi madogo) inayomiminika na filimbi, "ka" imezikwa. Rapa wa Kiingereza asingehisi chochote, kwa sababu neno lake lingekuwa limeshaisha kwenye sneya.

Uhesabu tena mstari huo: mizani (silabi) 16, 8 kwenye ukwapi, kile kipande cha kwanza, na 8 kwenye utao, cha pili, kama mshororo wa kawaida wa shairi la kimapokeo. FL Studio, programu ya kutengenezea biti, nayo hukufungulia baa moja ikiwa na visanduku 16. Nilipoligundua hilo nilifurahi kama mtoto, nikadhani nimepata siri. Kumbe si rahisi hivyo. Kwa mwendo wa mapigo 90 kwa dakika, baa moja ni sekunde 2.7 hivi, yaani silabi sita kwa sekunde, na hakuna pa kuvuta pumzi. Kwa drill, mtindo wa rap wa mapigo 140, baa ni sekunde 1.7, na mstari wangu hauingii labda kwa kuusukuma kwa goti. Ndiyo maana kundi la drill la Buruklyn Boyz na wenzao wanakata maneno au wanatandaza wazo moja juu ya baa mbili. Kisheng kilishazoea kukata maneno kabla drill haijafika, na hilo limewasaidia sana.

Kwa hiyo ninaegemea kwenye uchache, ila si ule uchache wa uvivu. Biti ninayoiona imeiva ni ile ambayo ukizima kila kitu ukabakisha ngoma na besi, bado unajua ni biti gani. Ikihitaji filimbi ili ujulikane ni wewe uliyeipiga, ngoma zako bado hazijasema kitu.

Na gita langu la benga? Tatizo lake lilikuwa kwamba gita linaloongoza kwenye benga hupigwa juu, kwa noti kavu zinazokimbia, mahali pale pale masikio yanapotafuta herufi za mtu anayeongea. Nilirudi kwenye nyimbo zenyewe kusikiliza wazee walifanyaje, na jibu lilikuwa wazi mno hadi nikaona aibu. Mwimbaji akiimba, gita linamjibu kwa kifupi na kurudi nyuma. Maneno yakiisha ndipo linaachiliwa, ngoma zinashika kasi, na watu wanaosubiri kucheza wanainuka. Walikuwa wanapokezana zamu. Sisi tumechukua ile sehemu ya mwisho, iliyo tamu kuliko zote, tukaiwasha kutoka sekunde ya kwanza na kumwambia rapa aongee juu yake.

Bado kuna suala la haki, hasa sasa ambapo arbantone, mtindo mpya wa rap ya Nairobi, imefanya kukata nyimbo za zamani kuwa jambo la kila wiki. Kwa sheria ya hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001, rekodi ya sauti hulindwa miaka 50 tangu kurekodiwa, ila utunzi hulindwa maisha yote ya mtunzi na miaka 50 zaidi. D.O. Misiani, mkongwe wa benga, alifariki mwaka 2006, kwa hiyo rekodi yake ya mwaka 1970 na utunzi ulio ndani yake haviko kwenye hali moja: tungo zake zitalindwa hadi mwisho wa 2056. Nilipoijenga biti upya sikukata kipande cha mtu. Nilimwita mpiga gita kutoka Kayole akapiga noti zake mwenyewe kwa mtindo ule.

Biti ya pili ina ngoma, besi, na gita linalojibu mara moja tu kila baa nne, baada ya mkia wa kina. Filimbi na kwaya nilizifuta. Rapa aliporudi alisikiliza akiwa kimya, kichwa hakikutingishika hata kidogo, na nikaanza kujuta. Kisha akasema, "Rudisha mwanzo," na safari hii akaingia kabla sijakaa vizuri kitini. Alipomaliza ubeti wa tatu nikaliachilia gita lote. Akavua hedifoni, akasimama pale akicheza, na kuniuliza kama naweza kuliacha liende dakika moja zaidi.