Kwa Nini Nawakataza Watu Wazima Raketi Nyepesi

Mtu mzima akitangaza kwamba anaanza tenisi, ushauri wa kwanza atakaopewa ni huu: chukua raketi nyepesi kuliko zote, ukishazoea utapanda. Unasikika una akili. Mkono bado mgeni, bega bado geni, basi mzigo upunguzwe. Mimi siuafiki. Anayeniuliza kabla ya kwenda kununua humwambia zile za chini ya gramu 250 aziache zining'inie palepale ukutani.

Sababu yenyewe iko kwenye mgongano. Mpira wa tenisi una uzito wa kati ya gramu 56 na 59.4, na ukigonga nyuzi hukaa juu yake milisekunde nne au tano tu. Katika muda huo, mfupi kuliko kupepesa jicho, nguvu ya mpira inatafuta pa kwenda. Raketi yenye uzito wa kutosha huimeza yenyewe. Raketi nyepesi husukumwa nyuma na kupinduka, na kinachobaki hupokelewa na kifundo cha mkono, kisha kiwiko. Mchezaji mzoefu ana nafuu kwa sababu hugonga mpira katikati ya nyuzi. Anayeanza hugonga popote: ukingoni, karibu na shingo ya raketi, mara nyingine kwenye fremu kabisa. Kwa hiyo yule anayehitaji raketi tulivu kuliko wote ndiye anayeuziwa ile inayoyumba kuliko zote.

Watengenezaji wanalijua hilo, na dawa yao ndiyo inayonitia wasiwasi zaidi. Raketi nyepesi haina ubavu wa kuufikisha mpira mbali, hivyo huifanya fremu iwe nene na ngumu, na uzito mwingi huupeleka upande wa kichwa, yaani ile duara yenye nyuzi. Fremu ngumu hurudisha mpira kwa kasi, sikatai. Lakini haipindi, na kisichopinda hupitisha mtikisiko. Mteja anatoka dukani akifurahia jinsi mpira unavyoruka, na kiwiko hakitalalamika siku hiyo.

Basi gramu ngapi? Kwa mtu mzima mwenye afya ya kawaida, 270 hadi 290 kabla ya nyuzi. (Uzito unaotajwa na mtengenezaji kwa kawaida ni wa fremu tupu, nyuzi huongeza kama gramu 15 hivi.) Mwenye umbo dogo, au mwenye bega lililowahi kumsumbua, anaweza kushuka hadi 260. Kuanzia 300 kwenda juu, subiri kwanza. Kuinua utaweza, ila ukifika dakika ya arobaini mkono utaanza kuchelewa na utamalizia mapigo kwa kifundo, jambo ambalo ndilo tulilokuwa tunalikwepa. Ndiyo maana majaribio ya dukani yanadanganya: ukizipunga raketi mbili hewani kwa nusu dakika, nyepesi itashinda daima. Azima kwa mtu, cheza nayo saa nzima, ndipo uamue.

Kuhusu ukubwa wa kichwa sina ubishi mwingi, ila kisa chake kinanifurahisha. Howard Head alikuwa mhandisi wa Kimarekani aliyetajirika kwa kutengeneza vifaa vya metali vya kuteleza kwenye theluji. Aliuza kampuni yake mwaka 1969, akajitosa kwenye tenisi akiwa na zaidi ya miaka hamsini, na hakuwa mchezaji wa kutisha. Kila alipogonga pembeni, raketi ilimpinduka mkononi. Badala ya kujilaumu akailaumu raketi, na nadhani alikuwa na haki. Raketi za mbao za zama zile zilikuwa na kichwa cha inchi za mraba 70 au pungufu. Head aligundua kwamba ukipanua kichwa, uwezo wa raketi wa kukataa kupinduka huongezeka haraka kuliko upana wenyewe. Mwaka 1976 kampuni ya Prince ikaitoa raketi yake ya inchi za mraba 110. Ilichekwa, ikaonekana ni ya wazee na wasiojua mchezo. Miaka miwili baadaye Pam Shriver, binti wa miaka 16, alifika nayo fainali ya US Open, mashindano makubwa ya tenisi ya Marekani.

Kichwa kikubwa, basi, kilibuniwa na mtu mzima anayejifunza kwa ajili ya shida ya mtu mzima anayejifunza, na hakuna sababu ya kukionea haya. Serena Williams alishinda mataji makubwa kwa kichwa cha 104. Roger Federer, aliyeng'ang'ania 90 kwa miaka mingi, alihamia 97 mwaka 2014. Wewe chukua kati ya 100 na 105. Kikifika 110 nguvu huwa nyingi kiasi kwamba mpira unatoka nje kabla hujajifunza kuuzungusha.

Raketi ya bingwa, ile yenye rangi unazoziona kwenye televisheni? Hapana. Wachezaji wa juu huongezewa uzito wa risasi (ile metali nzito) kwenye fremu zao, na wengine hucheza na fremu ya zamani iliyopakwa rangi za toleo jipya. Unachouziwa ni rangi.

Upande wa pili kuna raketi za alumini, zile zenye kipande cha plastiki kilichochomekwa shingoni kuunganisha fremu na mpini. Kwa kucheza na watoto mwisho wa wiki zinatosha kabisa. Ila ukishamlipa kocha, tafuta ya kaboni iliyotengenezwa kipande kimoja, na kama fedha ni tatizo nunua iliyotumika. Raketi ya kaboni ya miaka mitano iliyopita ni bora kuliko ya alumini iliyotoka leo kiwandani, kwa kuwa matoleo mapya mengi hubadilisha zaidi jina na mistari ya rangi. Itazame kwa urefu kama fundi anavyotazama ubao, uone kama imepinda. Kagua nyufa ukingoni, igonge kwa kiganja usikilize kama kuna kitu kinacheza ndani.

Sasa nyuzi, ambazo wanunuzi wengi hawaziulizi hata swali moja. Mpira haugusi fremu (au tuseme haupaswi kugusa), unagusa nyuzi. Mbrazili Gustavo Kuerten alipochukua ubingwa wa mashindano ya Ufaransa mwaka 1997 akiwa na nyuzi za poliesta, mtindo huo ulienea hadi kwa wasiouhitaji. Poliesta humfaa anayezungusha mkono kwa kasi kubwa na kukata nyuzi mara kwa mara. Kwa anayeanza ni nyuzi ngumu, zinazopoteza uhai upesi huku zikionekana nzima, na zikikutana na ile fremu nyepesi na ngumu unapata mchanganyiko mbaya kuliko wote. Omba nailoni, hasa ile ya nyuzinyuzi nyingi zilizosokotwa pamoja, unene wa milimita 1.30 au karibu na hapo. Mkazo wake uwe upande wa chini wa kiwango kilichochapishwa kwenye fremu. Kilo 22 au 23 zitawatosha wengi. Mkazo mdogo hulainisha mgongano na kuupeleka mpira mbali zaidi. Desturi ya wachezaji ni kubadilisha nyuzi kwa mwaka mara sawa na zile unazocheza kwa wiki, na sioni sababu ya kuipinga. Kile kipira kidogo kinachobanwa kati ya nyuzi hubadilisha sauti ya pigo tu. Kiwiko hakikijui.

Mpini hauna mjadala mrefu. Unene wake hupimwa kwa namba, na watu wazima wengi huangukia namba 2 au 3. Shika raketi, kisha jaribu kupitisha kidole cha shahada cha mkono mwingine kati ya ncha za vidole na kiganja. Kikienea bila kubanwa, umefika. Ukiwa katikati ya namba mbili chukua ndogo, kwani mpini huongezwa unene kwa kuviringishiwa utepe, lakini kuupunguza ni kazi nyingine. Urefu usikushughulishe: inchi 27 ndio wa kawaida, uache hivyo hivyo.

Na kama nyepesi umeshainunua, usiitupe. Kuna utepe wa risasi wenye gundi unaouzwa kwa kazi hii. Bandika gramu tatu kushoto na tatu kulia, pale kichwa kilipo kipana zaidi, upande wa ndani ya fremu, na raketi itaacha kupinduka kwa kiasi utakachokihisi siku hiyohiyo. Ukiona kichwa kimekuwa kizito, viringisha utepe mmoja zaidi kwenye mpini ili kusawazisha. Funika risasi kwa plasta ya kawaida na unawe mikono ukimaliza, kwani ni sumu.