Imani Katoliki Ielezwe Kuanzia Kiini Chake

Mtu akiuliza Wakatoliki wanaamini nini, mara nyingi jibu analopewa ni orodha ya mambo yanayowatofautisha na Wakristo wengine: wanamheshimu Maria, wana Papa, wanaungama dhambi kwa padre, mapadre wao hawaoi. Muulizaji huondoka akidhani kwamba Ukatoliki ni Ukristo ulioongezewa masharti. Silaumu wapinzani wa Kanisa kwa dhana hiyo, kwa maana waamini wenyewe ndio wanaoieneza, hasa pale katekisimu inapofundishwa kwa maswali na majibu ya kukariri, ambapo swali kuhusu Utatu Mtakatifu na swali kuhusu siku za kufunga hupewa uzito uleule kwa sababu yote mawili yanaweza kutoka kwenye mtihani wa Kipaimara, sakramenti ya kuimarishwa katika imani.

Mtaguso wa Pili wa Vatikano, yaani mkutano mkuu wa maaskofu wa Kanisa lote, katika hati yake ya mwaka 1964 kuhusu umoja wa Wakristo, ulikumbusha kwamba kweli za imani Katoliki zina mpangilio wa ngazi, kwa kuwa hazihusiani zote kwa namna moja na msingi wa imani ya Kikristo. Hiyo haina maana kwamba mwamini anaweza kuchagua anayoyapenda na kuyaacha mengine. Maana yake ni kwamba yapo mafundisho ambayo hayaeleweki mpaka mengine yameeleweka kwanza. Useja wa mapadre, kwa mfano, si fundisho la imani hata kidogo, bali ni nidhamu ya Kanisa la Kilatini, yaani la Magharibi, na yapo Makanisa Katoliki ya Mashariki yenye mapadre waliooa ambao ni Wakatoliki kamili sawa na wengine wote. Ajabu ni kwamba jambo hilo hujadiliwa kuliko fumbo la Mungu mwenyewe.

Kiini, kwa maoni yangu, kinapatikana katika Kanuni ya Imani iliyotungwa na maaskofu huko Nisea mwaka 325 na kukamilishwa na Mtaguso wa Konstantinopoli mwaka 381. Arius, padre wa Aleksandria, alikuwa akifundisha kwamba Mwana ni kiumbe, bora kuliko viumbe vyote lakini kiumbe tu, na kwamba kulikuwa na wakati ambapo hakuwapo. Maaskofu walimjibu kwa maneno ambayo waamini huyasali hadi leo: Mungu kweli kwa Mungu kweli, aliyezaliwa bila kuumbwa, mwenye umungu mmoja na Baba. Anayeona huo kuwa ubishi wa wasomi ajiulize kilichokuwa hatarini. Ikiwa aliyekufa msalabani ni kiumbe, basi Mungu alimtuma mwingine ateseke kwa niaba yake, naye akabaki mbali. Lakini ikiwa ni Mungu kweli, basi Mungu mwenyewe amezaliwa, amechoka, amelia na amekufa. Fundisho la Utatu, yaani Mungu mmoja katika nafsi tatu, Baba na Mwana na Roho Mtakatifu, halikutokana na tamaa ya kufumba mambo. Kanisa lilikuwa linajaribu kusema sawasawa habari za Yesu aliyeomba kwa Baba, aliyeahidi kumtuma Roho, na ambaye wanafunzi wake Wayahudi, watu wa Mungu mmoja, walimwabudu.

Liturujia inalijua jambo hili kuliko mahubiri mengi. Wakati wa kusali Kanuni ya Imani katika Misa ya Dominika, waamini wanatakiwa kuinama wanapofikia maneno yanayosema kwamba Mwana alipata mwili kwa uwezo wa Roho Mtakatifu akawa mwanadamu, na siku ya Noeli na ya Kupashwa Habari Bikira Maria hupiga magoti kabisa. (Wengi huinamisha kichwa kidogo tu, na wengine husahau, jambo linalosikitisha.) Baadaye kidogo, vipaji vinapoandaliwa altareni, shemasi au padre humimina tone la maji ndani ya divai, akiomba kwa sauti ya chini kwamba tushirikishwe umungu wake Kristo aliyekubali kushiriki ubinadamu wetu. Tendo hilo huchukua nukta chache, na mara nyingi watu wamekaa wakiimba na kutoa sadaka bila kuliona. Kama ningeombwa kueleza imani Katoliki kwa tendo moja, ningechagua hilo.

Kutoka hapo sakramenti saba zinajieleza. Mungu aliyechukua mwili hakuona aibu kuendelea kutumia vitu vinavyoonekana na kugusika: maji, mafuta, mkate, divai, mikono iliyowekwa juu ya kichwa, neno la ndiyo la mume na mke. Kanisa linafundisha kwamba katika sakramenti Kristo mwenyewe ndiye anayetenda, na ndiyo sababu udhambi wa padre haubatilishi Ekaristi aliyoiadhimisha, na ndiyo sababu pia, katika dharura, mtu yeyote, hata asiyebatizwa, anaweza kubatiza akimimina maji na kutamka maneno ya Utatu kwa nia ya kutenda anachokitenda Kanisa. Kuhusu Ekaristi Mkatoliki hasemi kwamba mkate unamkumbusha Kristo tu. Anasadiki kwamba maumbo ya mkate na divai, yaani rangi, ladha na uzito, hubaki, bali kilichopo ni Mwili na Damu yake. Fundisho hilo ni gumu, na lilikuwa gumu tangu mwanzo, kwa kuwa sura ya sita ya Injili ya Yohane inasimulia jinsi wanafunzi wengi walivyomwacha Yesu kwa sababu yake.

Hata Maria anaeleweka kwa njia hiyohiyo. Mtaguso wa Efeso, mwaka 431, ulipomtangaza kuwa Mama wa Mungu, ulikuwa unamtetea Mwanae: yule ambaye Maria alimzaa si mtu fulani ambaye Mungu alikuja kukaa ndani yake, bali ni Mungu Mwana mwenyewe. Kuabudu ni kwa Mungu peke yake. Maria na watakatifu huheshimiwa na kuombwa watuombee, kwa imani kwamba kifo hakiwatengi waliounganika na Kristo. Toharani inaingia humohumo, nayo ni utakaso wa waliokufa katika neema lakini bado wana mabaki ya dhambi, wala si nafasi ya pili kwa walioikataa neema hiyo.

Papa anahitaji maneno machache kuliko anayopewa kwa kawaida. Kutokukosea kwake, kulikotangazwa na Mtaguso wa Kwanza wa Vatikano mwaka 1870, hakumaanishi kwamba hatendi dhambi wala kwamba kila anachokisema ni sahihi. Kunahusu tamko rasmi la mwisho juu ya imani au maadili kwa ajili ya Kanisa lote. Tangu mwaka huo, tamko la wazi la namna hiyo limetolewa mara moja, mwaka 1950, Pius XII alipotangaza kwamba Maria alipalizwa mbinguni mwili na roho.

Dhana ninayoiona kuwa na madhara zaidi ni ile ya kwamba Mkatoliki hujinunulia wokovu kwa matendo. Kanisa lililaani katika karne ya tano mafundisho ya Pelagius, aliyesema kwamba mtu anaweza kufikia wema kwa nguvu zake mwenyewe, na tarehe 31 Oktoba 1999, huko Augsburg, lilitia sahihi pamoja na Walutheri tamko linalokiri kwamba tunapokelewa na Mungu kwa neema tu, kwa imani katika kazi ya Kristo, na si kwa stahili yetu yoyote. Matendo mema ni tunda la neema hiyo, na mtoto mchanga anayebatizwa kabla hajatenda lolote ndiye ushahidi wake ulio wazi.

Mwishoni Kanuni inataja ufufuko wa wafu, kipengele ambacho Wakatoliki wengi hukitamka huku mioyoni wakifikiria roho tu ikipaa. Imani yao ni nzito kuliko hiyo, kwa maana inasema kwamba mwili huuhuu utafufuliwa kama Kristo alivyofufuka. Ndiyo maana Kanisa, liliporuhusu kuchoma maiti mwaka 1963, liliweka sharti kwamba asifanye hivyo anayekusudia kuukana ufufuko, na hadi leo linapendekeza mazishi. Ndiyo maana pia, katika sura ya 25 ya Injili ya Mathayo, maswali ya hukumu ya mwisho yanahusu miili ya watu: nani alishibishwa, nani alinyweshwa, nani alivikwa, nani alitazamwa alipokuwa mgonjwa.