Audioslave: bendi mpya, au mabaki ya bendi mbili?

Mwanzo wa "Cochise", wimbo wa kwanza katika albamu ya kwanza ya Audioslave, unakuja kama helikopta inayotokea mbali, nyuma ya mlima. Ni gitaa lile. Tom Morello, aliyetoka Rage Against the Machine, anagusagusa nyuzi kwa penseli, pedali ya mwangwi (kifaa kinachokanyagwa kwa mguu) inazidisha kila mguso, na polepole ule mvumo unajaa masikioni. Kisha besi na drams zinaangukia pamoja, zito kama gunia la saruji, na juu yake inapanda sauti ya Chris Cornell, aliyekuwa mwimbaji wa Soundgarden. Haijafika dakika mbili lakini ugomvi wote kuhusu albamu hii umeshawekwa mezani. Aliyeipenda Rage Against the Machine anasikia bendi yake ikiwa na mdomo wa mtu mwingine. Aliyeipenda Soundgarden anasikia mwimbaji wake amesimama mbele ya wapigaji wa kuazima. Na yule asiyezijua bendi hizo mbili anasikia tu muziki mzuri, mkali.

Albamu hiyo inabeba jina la bendi yenyewe, Audioslave, na ilitoka Novemba 2002. Zaidi ya miaka 20 baadaye bado nasikia watu wakiitaja kwa kejeli kama mfano wa "kundi la mastaa", yaani majina makubwa yaliyokusanywa ili yauze. Wengine wanaiweka juu kabisa katika roki mbadala ya mwanzo wa karne hii. Nimeisikiliza kwa miaka mingi na siwezi kukaa kambi moja kwa utulivu, ila kuna hukumu ninayoiamini: albamu hii inapendeza pale wanamuziki wake wanaposahau walikotoka, na inachosha pale kila mmoja anapovaa sare ya bendi yake ya zamani.

Tuanze na walikotoka. Soundgarden ilizaliwa Seattle mwaka 1984, ikafika kileleni na albamu ya Superunknown mwaka 1994, ikavunjika Aprili 1997. Cornell akatoa albamu yake binafsi mwaka 1999, laini na yenye huzuni. Rage ilianza Los Angeles mwaka 1991 na ikageuza roki kuwa jukwaa la siasa: Zack de la Rocha akifoka mashairi, Tim Commerford kwenye besi, Brad Wilk kwenye drams, na Morello akilifanya gitaa lilie kama santuri inayosuguliwa na DJ. Oktoba 2000 de la Rocha akaondoka. Watatu waliobaki wakawa na mashine nzima isiyo na msemaji. Prodyuza Rick Rubin ndiye aliyewaelekeza kwa Cornell, akiwapigia "Slaves & Bulldozers", wimbo wa Soundgarden wa mwaka 1991, ili wamsikie vizuri.

Kuhusu Morello, sisi wa Afrika Mashariki tuna sababu ya kumfuatilia kwa karibu. Baba yake, Ngethe Njoroge, alikuwa mwanadiplomasia wa Kenya. Mama yake, Mary Morello, ni mwalimu Mmarekani aliyewahi kufundisha Kenya. Tom alizaliwa New York mwaka 1964, miezi michache tu baada ya Kenya kupata uhuru, akalelewa na mama yake katika mji mdogo wa Libertyville, Illinois, kisha akasoma Harvard. Siasa kwake haikuwa pambo la jukwaani, alikua nayo nyumbani. Nalitaja hili kwa sababu shutuma nzito kuliko zote dhidi ya albamu hii ni kwamba siasa ilitoweka.

Shutuma hiyo ina uzito wa kweli. Baada ya mashambulizi ya Septemba 2001, kampuni kubwa ya redio ya Clear Channel ilisambaza kwa vituo vyake orodha ya nyimbo zilizotiliwa shaka. Bendi nyingine zilitajwa kwa nyimbo mahususi, lakini Rage ilitajwa kwa nyimbo zake zote. Sasa fikiria: watatu kati ya wanne wa bendi iliyoogopwa kiasi hicho wanarudi Novemba 2002, wakati Marekani inajiandaa kuivamia Iraq, uvamizi uliokuja Machi 2003. Wanarudi na nyimbo 14, na ndani yake huioni vita. Hata huyo Cochise aliyepewa wimbo wa kwanza alikuwa kiongozi wa Waapache, wenyeji asilia wa Marekani, aliyepigana na jeshi la Marekani kwa miaka, kuanzia 1861 hadi 1872. Sikiliza maneno ya wimbo mwanzo hadi mwisho, humkuti. Jina lake limewekwa mlangoni, ndani hayumo.

Upande wa pili unajibu kwamba Cornell alisema mapema kuwa hatakuwa mwimbaji wa siasa, na wenzake walikubali hilo kwa hiari yao. Ni jibu la haki. Mtu aliyeandika kwa miaka kuhusu giza la moyoni, aliyekuwa akipambana na ulevi kiasi cha kuingia kituo cha matibabu mwaka huohuo wa 2002, angefanya nini na maneno ya de la Rocha? Angeigiza. Na mashabiki wa Rage wangekuwa wa kwanza kuunusa uigizaji huo. Morello naye hakunyamaza, alihamisha tu mahali pa kusemea: mwaka huohuo alianzisha shirika la kutetea haki la Axis of Justice pamoja na Serj Tankian wa bendi ya System of a Down, na baadaye akaimba nyimbo zake za kupinga dhuluma peke yake kwa jina la The Nightwatchman.

Hata hivyo sikubali kwamba hakuna kilichopotea. Kilipotea. Wakati ule kulikuwa na bendi chache mno zenye sikio la vijana milioni kadhaa na ujasiri wa kuitaja vita kwa jina lake, na moja kati ya hizo ilikuwa imefunga mdomo. Anayesema "muziki ni muziki tu" hajawahi kusimama katikati ya umati unaoimba maneno ya Rage. Ila deni hilo namdai de la Rocha kwa kuondoka kwake, na wote wanne wa Rage kwa kushindwa kukaa pamoja. Cornell hakulikopa.

Shutuma ya pili inahusu muziki wenyewe, na hapa ndipo penye utamu. Bendi ilitunga nyimbo 21 katika siku 19 za mazoezi. Wanaoipenda wanaitaja namba hiyo kama ushahidi kwamba damu zao zilipatana tangu siku ya kwanza. Wanaoibeza wanaitaja hiyohiyo kama ushahidi wa haraka. Nadhani wote wamesikia sawasawa, ila wamesikiliza nyimbo tofauti.

Gitaa la Rage lilijengwa kwa ajili ya mfokaji. Mipigo yake ni mifupi, inagonga, inasimama, inaacha pengo ili neno litue kama ngumi. Pengo hilo ndilo nyumba ya de la Rocha. Cornell haishi kwenye mapengo. Sauti yake inataka barabara ndefu, inataka kodi (noti zinazopigwa kwa pamoja) zinazobadilika chini yake ili ipande na kushuka, na kule Soundgarden alizoea mapigo ya hesabu zisizo za kawaida, ya saba au ya tano, ambayo Wilk na Commerford hawakuwa wakiyatafuta. Kwa hiyo katika "Set It Off", "Exploder" na "Bring Em Back Alive" unasikia watu wawili wanaoheshimiana wakizungumza kwa wakati mmoja. Gitaa linagonga kwake, sauti inapaa kwake. Hakuna kilichokosewa, na bado wimbo hausimami. Ukizingatia kwamba albamu inachukua dakika kama 65, uchovu huo unajilimbikiza. Nyimbo nne zingepunguzwa bila mtu kuzililia.

Halafu inakuja "Like a Stone", ya tano katika mpangilio. Morello anashusha mzigo. Gitaa linakuwa safi, noti chache, karibu la aibu. Wilk anapiga kana kwamba kuna mtu amelala chumba cha pili. Cornell anaimba akiwa chini kabisa ya uwezo wake, hapigi kelele, anasubiri. Ni wimbo wa mtu aliye peke yake anayeyangoja mauti na kutamani kukutana tena na waliotangulia. Hata solo ya Morello, iliyopitishwa kwenye pedali inayorusha noti juu mno, haisikiki kama mchezo wa ufundi. Inasikika kama mtu anayejaribu kulia na hajui namna. Rage isingeweza kuutunga wimbo huu kwa sababu Rage haikujua kungoja. Na Soundgarden nadhani isingeuacha uwe mwepesi hivi, ingeuongezea kitu cha kuupinda.

"I Am the Highway" ni ndugu yake, na mimi huipenda zaidi usiku. "Shadow on the Sun" inaanza kwa kunyata na kuishia kwa kulipuka, na mlipuko wake una sababu. Kati ya nyimbo hizi za upole na zile za kugonga ipo "Show Me How to Live": ubeti wake ni Rage mtupu, kibwagizo chake ni Cornell mtupu, lakini mshono umekazwa vizuri kiasi kwamba huuoni. Huo pekee unanizuia kusema kwamba bendi hii ilifaa nyimbo za polepole tu.

Sasa biashara, kwa kuwa neno "kundi la mastaa" linanuka ofisi ya lebo, yaani kampuni ya kurekodi. Wanaoshuku wana hoja: majina yaliyokwisha kuuza mamilioni, prodyuza mkubwa, lebo mbili nyuma yao. Lakini angalia jinsi mambo yalivyokwenda. Kila upande uliingia na meneja wake, na kila upande ulikuwa na lebo yake, Epic kwa watu wa Rage na Interscope kwa Cornell. Mvutano huo uliikaribisha bendi kaburini kabla haijaonekana: Machi 2002, ikiwa imepangwa kwenye Ozzfest, ziara ya matamasha ya roki nzito, Cornell alijitoa. Mwezi Mei rekodi ambazo hazijakamilika zikavuja kwenye intaneti, zikiwa na jina la Civilian. Cornell alirudi baada ya mameneja kubadilishwa. Walipochagua jina la Audioslave ikabainika kwamba bendi moja ya Liverpool inalitumia tayari, ikabidi waelewane nayo kwa malipo. Mpango wa kibiashara uliopikwa vizuri hauendi hivyo. Biashara ndiyo iliyokaribia kuiua albamu hii.

Ushahidi unaonishawishi zaidi uko kwenye mauzo, ingawa kwa kawaida sipendi kupimia muziki huko. Wiki ya kwanza albamu iliuza nakala kama 162,000 Marekani na kuingia nafasi ya 7 katika Billboard, chati ya mauzo ya Marekani. Si haba, lakini albamu mbili za Rage za 1996 na 1999 zilianzia nafasi ya kwanza, na Superunknown vilevile. Kama kazi ya majina ni kuuza, wiki ya kwanza ndiyo wiki yao, na hapo majina haya mawili yakiwa pamoja yalifanya kidogo kuliko kila moja likiwa peke yake. Kilichofuata hakikuletwa na majina. Mwaka 2003 "Like a Stone" ilishika nafasi ya kwanza kwenye chati zote mbili za roki za Billboard, albamu ikateuliwa kuwania Grammy ya albamu bora ya roki, na mauzo yakaendelea taratibu, mwaka baada ya mwaka, hadi kuvuka nakala milioni 3 Marekani. Watu waliipenda albamu wakiwa wameshaisikia, na wengi wao walikuwa wadogo mno kuijua Soundgarden ya mwaka 1991.

Wakosoaji wa wakati ule walikuwa wakali, na baadhi waliiandika kama kwamba wanazika kitu. Nawaelewa. Walikuwa na maziko mawili ya kweli mioyoni, na albamu hii ndiyo iliyokuwa mbele yao. Kosa lao ni kwamba walisikia "Cochise" mlangoni wakadhani nyumba nzima imejengwa hivyo.

Bendi haikudumu. Ilitoa albamu ya pili mwaka 2005, ambayo ilianzia nafasi ya kwanza, na mwaka huohuo ikapiga Havana bila kiingilio, mbele ya maelfu ya Wakuba. Ya tatu ilitoka mwaka 2006, na Februari 2007 Cornell akaondoka. Miezi miwili baadaye Rage walikuwa tena jukwaani na de la Rocha, kwenye tamasha la Coachella huko California. Kwa wanaoshikilia kwamba Audioslave ilikuwa kituo cha kungojea basi, hiyo ndiyo hoja yao nzuri kuliko zote, nami sina jibu la kuifuta.

Nina tukio moja tu la kuweka karibu nayo. Cornell alifariki Detroit Mei 2017. Wakati huo Morello, Commerford na Wilk walikuwa wakizunguka na bendi nyingine, Prophets of Rage, wakiwa na Chuck D na B-Real mbele yao, waimbaji wawili wenye uwezo wa kuzijaza nyimbo za Rage bila kutetereka. Kwenye maonyesho yao walianza kupiga "Like a Stone". Mafundi waliweka kipaza sauti katikati ya jukwaa, taa moja ikakimulika, na hakuna aliyesogea kukishika. Watatu hao walipiga wimbo mzima kwa ule upole wa 2002, na maneno yakaimbwa na watu waliokuwa chini.