Mzee wa Miaka 77 Anaimba Laivu, Kijana wa Miaka 25 Anachezesha Mdomo

Klaus Meine, mwimbaji wa bendi ya Scorpions, alishatimiza miaka 77 jioni ile ya tarehe 5 Julai 2025 nilipokwenda kwenye onyesho lao Hannover, na aliimba kwa koo lake mwenyewe. Naanza na hilo kwa sababu ndilo nililoulizwa kuliko mengine yote tangu nirushe vipande vya video kwenye statasi: "Wale wazee wanaimba kweli, au wamewekewa?" Swali la mtu wa Mwanza kabisa. Tumeshazoea kuwekewa sidii.

Kwa wasiowajua kwa jina, Scorpions ni bendi ya roki ya Ujerumani, ya mji wa Hannover, iliyoanzishwa na mpiga gitaa Rudolf Schenker mwaka 1965. Ukilitaja jina lao nyumbani wengi watakukodolea macho. Lakini hebu piga ule mluzi wa mwanzo wa "Wind of Change" ndani ya daladala ya Buhongwa, uone kama hatatokea mtu wa kuumalizia. Wimbo ule na "Still Loving You" tuliupata redioni usiku, kwenye vipindi vya nyimbo za taratibu. Kaka yangu aliwahi kuurekodi kwenye kaseti, na mtangazaji akaingilia mwishoni kusoma salamu za wasikilizaji. Mpaka leo wimbo ukikaribia kuisha masikio yangu yanamsubiri yule mtangazaji.

Sasa naishi Würzburg, ambako ukisema unatoka Mwanza si kila mtu anakuuliza ni wapi; miji hii miwili ina undugu rasmi tangu 1966. Nafanya kazi ya uuguzi kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Kufika Hannover ni kama saa mbili kwa treni ya kasi, kwenye reli iliyokamilika 1991, mwaka uleule ambao mluzi wa Klaus ulikuwa unatawala redio. Tiketi ya kusimama ilipita euro mia moja, yaani zaidi ya laki tatu za kwetu, na unailipa miezi mingi kabla. Huo ni mtihani wa kwanza kwa mtu aliyekulia Igogo: kulipia leo muziki wa mwakani, hujui kama siku hiyo kazini watakupa ofu.

Mambo ya utaratibu nitayapita haraka, maana mmeshayasikia kwa kila ndugu aliyeko Ulaya. Ndiyo, walifuata muda. Waliotangulia Scorpions jukwaani, mwimbaji Alice Cooper akapanda na kushuka, bendi ya Judas Priest wakapanda na kushuka, na hakuna mshereheshaji aliyekuja kutuomba tuwe wavumilivu kwa sababu msanii yuko njiani. Vyoo vilikuwepo na maji yalikuwepo. Bia unauziwa pamoja na amana ya kikombe, ukirudisha kikombe unarudishiwa hela yako, kwa hiyo unaona watu wazima wenye mvi na majaketi ya ngozi wamekumbatia vikombe vitupu vilivyopachikwa kimoja juu ya kingine. Masikioni wengi walikuwa na vizibo. Nilidhani ni dharau kulipa pesa yote ile halafu ukaziba masikio. Bendi ya kwanza ilipoanza nikaenda kununua vyangu.

Kilichonishangaza zaidi ni jua. Julai kule, saa tatu usiku bado linawaka, na taa zote zile za jukwaani zinaonekana kama taa ya bodaboda iliyosahaulika mchana kweupe.

Kisha ukaja ule mluzi. Klaus hakurukaruka, umri huo umeshapita. Alisogea kwenye kipaza sauti, na kwenye skrini kubwa nikamwona anavuta pumzi kwanza, kifua kinapanda, ndipo akakunja midomo. Mluzi hauna pa kujificha. Ulikuwa na hewa ndani yake, na sehemu moja ulikwaruza kidogo, na uwanja mzima ukaudaka na kuupiga pamoja naye. Noti za juu hazifiki tena zilipokuwa zikifika. Nyingine alizishusha, nyingine alituachia sisi. Hili ni koo ambalo mwanzoni mwa miaka ya 1980 lilikatika sauti, likafanyiwa upasuaji, kisha likarudi kurekodi albamu ya Blackout iliyotoka 1982. Mwaka 2010 walitangaza kwamba wanaaga. Kuaga kwao mnakuona.

Kuna jambo ambalo kwenye video zangu halisikiki vizuri, nami naona ndilo kubwa kuliko yote. Wimbo ule asili yake unaanza na mtu anayetembea kandokando ya mto Moskva, kwa kumbukumbu ya tamasha walilopiga Moscow mwaka 1989. Tangu Urusi ilipoivamia Ukraine mwaka 2022, Klaus ameyaondoa maneno hayo ya mwanzo na kuweka mengine yanayoitaja Ukraine. Wimbo wa zaidi ya miaka thelathini, unaojulikana dunia nzima, mwenyewe ameona haumtoki tena mdomoni vile ulivyokuwa, akaubadilisha. Anayeimba juu ya sidii hawezi kufanya hivyo. Sidii haina habari ya kilichotokea asubuhi.

Sasa twende Kirumba.

Nilikuwepo kwenye onyesho moja uwanja wa CCM Kirumba, kabla sijaondoka nchini, na msanii simtaji kwa sababu angeweza kuwa yeyote kati ya ishirini. Tangazo lilisema saa kumi na mbili jioni. Mpaka saa sita usiku tulikuwa bado na DJ, wasanii chipukizi na watu wa kugawa fulana. Nyota mwenyewe akatokea saa nane, amezungukwa na mabaunsa utadhani tunataka kumla. "Mwanzaaa, mikono juuu!" Mikono ikaenda juu. Nyimbo chache, kila moja nusu, na nilikuwa karibu kiasi cha kuona pete zake. Kwenye kiitikio cha wimbo uliotuleta pale, mkono wenye kipaza sauti ulishuka mpaka kiunoni, akawa anacheza na wacheza shoo wake, huku sauti yake ikiendelea kuimba juu, safi kabisa, bila kuhema. Hakuna aliyepiga kelele. Dada aliyekuwa mbele yangu alikuwa analia kwa furaha.

Najua waandaaji watajibu nini, na sehemu ya jibu lao ni ya kweli. Kusafirisha bendi nzima kutoka Dar, kukodi vyombo, kupima sauti mchana kutwa, kulaza watu kumi hotelini: kwa kiingilio cha elfu kumi hesabu haikai. Mimi nililipa laki tatu, na Wajerumani wenzangu wa pale walilipa bila kupepesa. Sawa. Lakini niambieni Super Kamanyola walikuwa wanawezaje. Bendi ya hapahapa Mwanza, maskani Villa Park, solo, ridhimu, besi, tumba, drams, waimbaji wamejipanga mbele, na muziki unapigwa kwa mkono mpaka mhudumu anaanza kupanga viti juu ya meza. Baba yangu, karani wa kawaida tu, alikuwa anaingia. Wimbo ukimgusa alikwenda mbele taratibu, akatoa noti, akambandika mwimbaji kwenye paji la uso lenye jasho, akarudi mezani kwake bila kutabasamu, na mwimbaji akaliingiza jina lake kwenye mstari unaofuata. Jina la karani, ndani ya wimbo, papo hapo!

Hapo ndipo Hannover waliponiangusha. Nimeyasifu mengi, niruhusiwe kusema na hili. Mzungu anakwenda kwenye muziki kama anavyokwenda benki: amelipa, anasubiri huduma, anahakikisha imekamilika. Wanapiga makofi kwa pamoja, kwa nguvu, kigwaride. Nilipoanza kucheza wimbo wa mwisho, "Rock You Like a Hurricane", kwa mwili wote na si kwa kichwa tu, jirani zangu walinipisha kwa adabu, nikajikuta kwenye duara langu peke yangu. Hakuna aliyekasirika. Hakuna aliyeingia pia. Mzee mmoja mwenye kizibao cha jinzi kilichojaa viraka vya bendi akaniinulia kidole gumba, basi. Kati ya maelfu yale ya watu hakuna hata mmoja ambaye angeweza kubadilisha chochote jukwaani. Tungeondoka nusu yetu, onyesho lingeendelea vilevile, hela ilishaingia.

Kwa Wasukuma haiendi hivyo, wala haijawahi kwenda hivyo. Mnaijua Bulabo, yale mashindano ya ngoma pale Bujora, Kisesa, mwezi wa sita wakati wa sikukuu ya Ekaristi, kwenye makumbusho aliyoyaanzisha Padre David Clement, yule Mkanada. Bagika upande huu, Bagalu upande ule. Vyama vya ngoma vilivyotokana na mabingwa wawili wa karne ya kumi na tisa, Ngika na Gumha. Wanacheza kwa wakati mmoja, uwanja mmoja. Hakuna majaji wa meza wenye chupa za maji. Anayeshinda ni yule aliyevuta umati. Ukichosha, watu wanageuka na kwenda kwa mwenzako, na unawaona kwa macho yako wanavyokuacha, migongo yao. Ndiyo maana wana ngoma ya bugobogobo na majembe yanayorushwa hewani, ndiyo maana wana chatu, ndiyo maana zamani kulikuwa na dawa za kuvutia watazamaji, na kila upande ukiituhumu dawa ya mwenzake. Na manju wa kweli, yule mtunzi anayeongoza ngoma, halazimiki kuja na wimbo wake umekamilika. Anasikiliza upande wa pili wameimba nini, anawajibu, anawataja, anawachoma. Kilichotokea asubuhi, jioni kimo ndani ya wimbo.

Pleibeki isingemaliza nusu saa pale. Mtu angeshusha kipaza sauti mpaka kiunoni, na bibi mwenye kanga na kiti chake cha kukunja angenyanyuka, akahamia kwa Bagalu.

Kwa hiyo ndugu zangu mnaonisoma mkiwa Nyakato na Pasiansi, mkiniambia "huko wenzetu wameendelea, huko kuna muziki wa kweli", nawakatalia. Hannover nilichoona ni mashabiki wapole sana wanaopewa kitu cha kweli kwa sababu wasanii wao wana aibu. Mwanza nilichoacha ni mashabiki waliozaliwa wakali, wenye kipimo kikali kuliko cha Ulaya nzima, ambao wakivuka geti la Kirumba wanakiacha kipimo chao nje pamoja na chupa za maji. Sijui nani alituambia kwamba kwenye jukwaa lenye taa hatuna haki ya kugeuza migongo.

Jingine limenikaa kwa sababu ya kazi yangu. Wengi wa wazee ninaowaogesha na kuwalisha ni rika la Klaus Meine. Nilipowaonyesha picha, mmoja wao alitikisa kichwa: yule ni mtoto wa Hannover, alikuwa na nywele nzuri. Ulaya nimewaona wazee wa upweke ambao Usukuma ungewaonea aibu, na hilo nimelisema mara nyingi, silirudii. Ila mzee mwanamuziki wa kule anajaza uwanja, na mirabaha yake inaingia akiwa amelala. Wetu tunawakumbuka kwa mchango. Inakuja meseji kwenye kundi la familia kwamba mzee fulani aliyepiga solo kwenye wimbo ambao sote tuliuchezea harusini amelazwa, gharama zimezidi, namba ya kutuma pesa ni hii. Tunatuma. Tukishatuma tunapakua wimbo wake bure ili tuusikilize kwa huzuni. Vijana wanaochezesha mdomo leo wanawaona wazee hawa, na sehemu yangu moja inawaelewa: kama kujua kupiga hakukumlipa yule, kwa nini mimi nijifunze?

Sehemu hiyo siipi nafasi kubwa. Elfu kumi ni hela ya mtu, ni sato mzuri wa Mwaloni, na mtu akiitoa anastahili kusikia koo likifanya kazi, hata kama linakwaruza. Afadhali nyimbo tatu zenye makosa.

Likizo yangu inakaribia, na watoto wa kaka wameshaanza kampeni. Kuna nyota anatarajiwa na wanataka shangazi awapeleke. Nikamwambia wifi yangu kwamba kiingilio nitalipa cha wote, hata soda, ila kwanza aniulizie ni nani atakayepiga drams.

Akajibu saa hiyohiyo: "Wifi, drams zimo kwenye kompyuta ya DJ. Unalipa au hulipi?"