Rafu Inaangushwa na Tundu

"Mmeipakia vitu vizito." Ndilo jibu la fundi kila rafu ya kuelea, ile isiyo na vishikizo vya kuonekana, inapobwagika pamoja na lipu yake. Kumbe rafu ya vitabu haikutakiwa kuwekewa vitabu! Asante, fundi.

Ubao mara chache una kosa. Angalieni tundu. Lipu ya nyumba zetu ni milimita 15 hadi 20, na huzidi pale mwashi alipokuwa anaficha ukuta uliopinda. Fundi anapachika fisha ndogo (kile kijiplastiki cha tunduni kinachopanuka na kushika skrubu), anafunga skrubu ya inchi 2. Toa unene wa ubao, toa lipu, uone kimebaki nini cha kushika tofali. Wengine hata fisha hawana: wanachonga kijiti cha mti na kukigongomea tunduni. Kijiti kikikauka kinasinyaa, skrubu inaanza kucheza.

Tupige hesabu, maana hapa ndipo watu hudanganyika. Rafu imetoka ukutani sentimita 25, vitabu vya kilo 10 vimekaa katikati yake, yaani sentimita 12.5. Ubao wa nyuma, ule unaofungwa ukutani, una kimo cha sentimita 4 na skrubu zimepita katikati, sentimita 2 juu ya ukingo wa chini, ambao ndio egemeo. Kumi mara 12.5, gawa kwa 2: skrubu zinavutwa nje kwa kilo 62! Pandisha skrubu ziwe sentimita 3 juu ya ukingo, zinashuka hadi 42. Punguza rafu iwe sentimita 20, unapata 33. Hujaongeza hata shilingi.

Kwa rafu ya sentimita 90, weka skrubu nne za milimita 6 kwa 120, na fisha za 10. Ubao unakula 40, lipu 20, zinabaki 60 ndani ya tofali. Fisha isukumwe mpaka ipite lipu. Ikibaki kwenye lipu inapanuka na kuipasua. Tundu la ukutani lizidi sehemu ya skrubu inayoingia ukutani kwa milimita 10, na vumbi litolewe kwa pampu ya baiskeli, kwani fisha iliyokaa juu ya unga haishiki. Tofali likiwa na matundu ndani, zima ugongaji wa drili, utalivunja. Ukitoboa ukaona unamwagika mchanga mtupu, huyo mfyatua tofali alibania saruji: haya, nakubali kwa shingo upande, hapo funga vyuma vya pembe (vya umbo la L), vifike chini vya kutosha, mambo ya kuelea uyasahau.

Video za Kimarekani za kutafuta nguzo za mbao ndani ya ukuta ziacheni. Kuta zao nyingi ni za bodi za jasi.

Usitoboe juu wala chini ya soketi au swichi. Waya hupita wima hapo.

Mengine ni mepesi. Kwenye ubao wa nyuma weka vidole vya mbao, yaani vipande vinavyotokeza mbele, kila sentimita 30, gundi na skrubu kutoka nyuma, kabla ubao haujafungwa ukutani. Weka pimamaji juu ya fremu uone kama imelala sawa. Kisha sanduku la plaiwudi, milimita 9 juu na 6 chini, lichomekwe na kufungwa kwa skrubu ndogo upande wa chini. Msiligandishe kwa gundi, siku moja mtataka kulivua mpake rangi.